Dizeli ya Mtani

Mwaka ule nyumba ya Twalibu pale Mafiga iligawanyika vyama viwili, na wala si vya siasa. Kulikuwa na chama cha dizeli, mwenyekiti wake Twalibu mwenyewe, na chama cha petroli, ambacho mwanachama wake pekee alikuwa mkewe, Mwaisha. Walibishana asubuhi kwenye chai, wakabishana jioni kwenye ugali, mpaka usingizi ukawaamua. Gari lenyewe hawakuwa nalo.

Jirani aliyewasikia ukutani angesema hawa watu wamekosa kazi. Twalibu labda, yeye alikuwa na raha zake. Ila Mwaisha hakuwa akibishana kwa raha. Huyu mama aliuza viungo soko kuu, pilipili manga, karafuu, mdalasini, na vyote vilitoka Kinole, juu Uluguruni, kwenye shamba la mama yake, Bi Mwanahawa. Na kwa Waluguru, kwa asiyejua, shamba hupita upande wa kuukeni: mama humwachia binti, na anayesimamia mambo yote ni mjomba. Mjomba mwenyewe alikuwa Mzee Hashimu, mndewa, yaani mkuu wa ukoo wao, mzee asiyepaza sauti wala kurudia neno.

Mzee Hashimu alikuwa ameshalisema neno lake, baada tu ya masika kukatika. "Shamba ni la anayefika. Mwaisha siku hizi tunamsikia kwenye simu, hatumwoni. Mdalasini ukishavunwa tutakaa kikao. Kama bado ni mtu wa simu, shamba atalishika Asia."

Asia alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, aliyeishi hukohuko Kinole, mchapakazi, mpole, anayemtekea Bi Mwanahawa maji bila kuombwa. Hilo ndilo lililomuuma Mwaisha zaidi. Angekuwa mtu mbaya angepata walau wa kumchukia.

Wala si kwamba Mwaisha alikuwa mvivu wa kwenda. Alikuwa akipanda na bodaboda kila wiki, mpaka siku ile tope la njiani Kiroka lilipowatupa mtaroni, yeye, dereva na gunia la pilipili manga. Tangu hapo goti lake lilikuwa likijua habari za baridi kabla ya mtu mwingine yeyote, na kila alipoiona bodaboda moyo ulimwenda mbio. Akabaki kusubiri magari ya watu, ambayo leo yapo, kesho hayapo. Na mama anazeeka. Kila akipiga simu, sauti ya mama ilikuwa imepungua kidogo, na Mwaisha alikuwa akikata simu halafu anakaa na viungo vyake akijiona binti wa hovyo. Kwa hiyo aliposema gari, alikuwa na maana ya mama yake.

Twalibu yeye aliposema gari, alikuwa na maana ya mafuta. Alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kiko Kihonda, na jina la bahili alilokuwa akipewa na majirani lilikuwa kali mno. Alikuwa mtu wa kubana tu. Huyu ndiye aliyekuwa akizima jiko la gesi maharage yangali yanachemka, akisema yatajimalizia yenyewe kwa aibu. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia dizeli inakula kidogo kuliko petroli, umemaliza.

"Dizeli ina nguvu mlimani na haina njaa," alisema.

"Na spea zake utazipata wapi?" Mwaisha alimuuliza. "Magari madogo yote mjini hapa ni ya petroli. Kikivunjika kitu, kila duka kipo. Hicho kidizeli chako kikiharibika tutakifuga kama mbuzi?"

"Kitaharibikaje, na chenyewe hakili?"

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na hawa wangeendelea kuchagua mpaka mdalasini uvunwe, kama si Leonard. Leonard alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyehamia Kihonda, mfanyabiashara wa mahindi na karanga, ambaye kila wiki alikwenda mnadani Gairo na kurudi. Biashara ilikuwa imemkubali, amenunua lori la Canter, na sasa alitaka kuuza kigari chake kidogo cha dizeli, cheupe, safi, kisicho na mkwaruzo. Siku hiyohiyo kulikuwa na kingine cha petroli kikiuzwa mtaa wa pili. Mume na mke wakaenda kuviona vyote.

Cha petroli kilikuwa kizuri, Mwaisha alikipenda. Lakini walipokijaribu kwenye kile kimwinuko cha Bigwa, wakiwa wamejaa watu wazima ndani, kilihema. Kilifika, lakini kilihema. Mwaisha akaifikiria Kinole, akamrudishia mwenyewe funguo.

Kwa Leonard ilikuwa vurugu tangu mlangoni. Kwa maana Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na utani wa hawa ni wa tangu mababu. Mtani atakuja kwako achukue kuku mkubwa kuliko wote, na wewe ucheke. Atakuja msibani kwako alale mbele ya jeneza, na hamtapita mpaka apewe kitu. Sharti lake ni moja, hakuna kukasirika. Na watu kwa mazoea wameongeza la pili, kwamba hakuna kuamini.

"Waluguru wamekuja kununua gari," Leonard alisema. "Nyie si mlisema matairi ni makalio ya mashetani?"

"Njoo utufungulie basi, Mnyamwezi," Mwaisha akamjibu. "Babu yako alibeba mizigo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, leo mjukuu anauza gari. Ametoka mbali."

Wakacheka wote, wakalizunguka gari. Halafu Leonard akaweka mkono juu ya paa, akasema, "Ila nawaambia. Gari hili ni Mluguru kamili. Likikaa bondeni muda mrefu linaumwa."

Mwaisha akapiga makofi kwa kicheko. "Na Mnyamwezi akikaa mbali na mahindi ya watu anaumwa nini?"

"Sikiliza, utani nimeuweka pembeni. Huku chini lina kichujio kinachokamata masizi ya dizeli. Mimi nalipeleka Gairo kila wiki, safari ndefu, linapata moto, masizi yanaungua, maisha yanaendelea. Mkilifanya la kwenda sokoni na kurudi, masizi yatajaa. Lipandisheni kwenu mlimani kila wiki, litakaa na nyinyi miaka. Kama ni la mjini tu, kachukueni lile la petroli."

"Mtani hana pembeni," Mwaisha alisema, bado akifuta machozi ya kicheko. "Niambie moja tu. Litafika Kinole?"

"Kinole ndiko dawa yake iliko."

"Umemsikia?" Mwaisha akamwambia mumewe. "Sasa tunaambiwa gari linakwenda kwa mganga."

Twalibu alikuwa amemsikia sana, tena kwa sikio lake la kubana. Alimvuta mkewe kando. "Mwenye gari akikuambia kanunue la mwenzake, ujue lake ni zuri na amepata mteja mwingine. Tuchukue leo hii."

Na Mwaisha, ambaye bado aliisikia ile petroli ikihema Bigwa, akakubali. Chama cha petroli kikavunjwa rasmi hapo hapo uani kwa Leonard, na mwenye gari akabaki anatikisa kichwa huku akipokea haki yake.

Safari ya kwanza walikwenda Kinole, na ilikuwa safari ya fahari. Mwaisha aliendesha mwenyewe, maana kwenye shule ya udereva yeye ndiye aliyefaulu kwanza, jambo ambalo Twalibu hapendi likumbushwe. Bi Mwanahawa alilizunguka gari akiligusagusa kama anachagua ng'ombe. Mwaisha akamwambia Mzee Hashimu mbele ya wote, "Mjomba, kuanzia leo kila wiki nipo."

"Tutaona," mzee alisema.

Kwenye kurudi, jiwe moja likagonga chini ya gari. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, lakini Twalibu aliusikia moyoni. Walipofika Mafiga alilala chali chini ya gari mpaka magharibi, na alipotoka alikuwa mtu mwingine. Mlima unamaliza breki, alisema. Mlima unamaliza matairi. Mlima unakula mafuta. Wiki ijayo, mke wangu. Wiki ijayo ikaja na mvua, akasema tusubiri barabara ikauke. Ilipokauka akasema vumbi ni baya kwa injini.

Na hapa tuseme kweli, Mwaisha naye alizubaa. Kupelekwa sokoni asubuhi na vikapu vyako nyuma, dirisha limeshushwa, wenzako wanakuona, ni kitu kitamu. Gari likawa la nyumbani na sokoni, sokoni na Kihonda, Kihonda na nyumbani, safari za kukohoa mara moja umefika. Twalibu aliangalia mshale wa mafuta usivyoshuka, akafurahi kama aliyepata mtoto. Na kila wiki Mwaisha alipiga simu Kinole akasema wiki ijayo, mama, na mama akasema haya mwanangu, kwa sauti iliyopungua.

Halafu gari likaanza kuumwa. Kwanza likawa zito, mtu anakanyaga mafuta, lenyewe linafikiria. Kisha ikawaka taa ya rangi ya chungwa mbele ya usukani, ikakataa kuzima. Fundi wa mtaani alichungulia, akasema ni kichujio cha masizi, kimejaa. Akataja namna ya kukibadilisha na gharama zake, na Twalibu ikabidi apewe kigoda. Usiku ule alikula kidogo. Alikubali, mbele ya mkewe, kwamba petroli ingekuwa bora, na kwa Twalibu kukubali namna ile kulikuwa sawa na kuugua.

"Tuliuze," alisema. "Lingali linatembea. Kuna mtu wa Mzumbe atakuja kuliona Jumapili."

Mwaisha hakubisha. Alijiona mpumbavu, na alichoka. Lakini Ijumaa mchana, akiwa sokoni anapima karafuu za mteja, simu iliita, na alikuwa mama yake. "Mdalasini umeisha kuvunwa," Bi Mwanahawa alisema. "Mjomba wako amewaita watu kesho. Mimi nimemwambia utakuja. Utakuja?"

Mwaisha alimmwagia mteja karafuu nje ya mfuko. "Nakuja, mama."

Alfajiri alikuwa ameshashika funguo. Twalibu alisimama mlangoni na kikoi chake, akasema gari lile ni gonjwa, litakufa Kiroka, na Jumapili mtu wa Mzumbe atakuta nini.

"Atakuta gari lililofia njiani kwa mama yangu," Mwaisha alisema. "Shamba lile alilima bibi yangu, akalima mama yangu. Mimi nimelibadilisha na kupelekwa sokoni. Nimeona aibu vya kutosha, Twalibu. Unakuja au unabaki?"

Twalibu akaja. Alikuja na kamba ya kuvutia, dumu la maji na raba za kutembelea, maana alikuwa na hakika watarudi kwa miguu. Kutoka Mafiga mpaka Bigwa alikaa ameikumbatia kamba yake. Taa ya chungwa ilikuwa ikimtazama, naye anaitazama.

Baada ya Kiroka wakaiacha barabara kubwa, mlima ukaanza. Mwaisha akatia gia ndogo, akakanyaga. Gari likaguna. Kona ya kwanza walipanda wakiachwa na watoto wenye ndoo za maji. Kona zilizofuata injini ikaanza kunguruma kwa sauti ambayo haijawahi kuitoa mjini, na likatoka joto na harufu ya kitu kinachoungua.

"Simamisha," Twalibu alisema. "Linaungua."

"Nikisimama hapa haliondoki tena."

"Mwaisha, linaungua."

"Na liungue," Mwaisha alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mguu hakuunyanyua. Alimfikiria mama yake amekaa mbele ya watu akisema binti yangu yuko njiani. Migomba ikapita, mifenesi ikapita, mto ukabaki huko chini, nalo bado linapanda. Twalibu alikuwa ameshaanza kuomba dua, tena ndefu.

Mahali fulani kwenye mwinuko mrefu kuliko yote, gari likashtuka kidogo, kama mtu aliyepiga chafya. Halafu likawa jepesi. Mwaisha alihisi kwenye unyayo wake kwanza, akikanyaga, linakwenda. Akakanyaga tena. Lilipanda kama siku ile lilipotoka kwa Leonard.

Twalibu akainamia dashibodi. Taa ilikuwa imezima. Akaigonga kwa kidole.

"Imeungua na taa," alisema kwa huzuni.

Mwaisha aliitazama ile taa iliyozima. Kisha yakamjia maneno yote kama yalivyosemwa, uani kule Kihonda, mkono juu ya paa. Safari ndefu, linapata moto, masizi yanaungua. Lipandisheni kwenu mlimani kila wiki. Akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi apunguze mwendo.

"Leonard," alisema. "Yule Mnyamwezi alituambia kweli tupu. Alituambia kila kitu, sisi tukampigia makofi."

Twalibu alikokotoa kwa vidole pajani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hakuna aliyewafundisha kuhusu la mtani. "Kwa hiyo," alisema mwishowe, polepole, "kulikalisha mjini ndiko hasara."

"Ndiko hasara."

"Na kuja huku ndiko kubana matumizi."

"Sema mwenyewe, mume wangu."

Walikuta watu wameshakaa kwenye majamvi uani kwa Bi Mwanahawa, magome ya mdalasini yameanikwa kila mahali, harufu tamu. Mwaisha alipiga goti baya lile lile mbele ya mjomba. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umefika."

"Nimefika. Na nitafika kila wiki."

"Hilo ulishaniambia," Mzee Hashimu alisema, bila ukali. "Ukaniambia mbele ya gari lako. Ahadi yako sina mahali pa kuiweka tena, mwanangu."

Ilikuwa kweli, na kila mtu uani alijua ni kweli. Asia mwenyewe aliinamisha uso. Bi Mwanahawa alikuwa akichokonoa ukindu wa jamvi kwa kidole, haangalii mtu. Ndipo Twalibu akasimama, na kamba yake ya kuvutia gari ingali begani.

"Mjomba, shikamoo. Naomba niseme kama mkwe. Mke wangu akiahidi msimwamini, sawa. Lakini lile gari ni la dizeli. Lisipopanda mlima huu kila wiki linajaa masizi, linaugua, na kulitibu ni hasara ambayo mimi siwezi hata kuitaja hapa mbele ya wazee. Leo limepona njiani, nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo Mwaisha akikataa kuja, mimi nitamleta. Akiumwa, nitakuja mwenyewe. Mvua ikinyesha, nitakuja. Siwezi kuacha."

Kisha Mzee Hashimu akaanza kutikisika mabega, na kabla hajafika mwisho wa kicheko chake ua mzima ulikuwa umeangua. Hakuna mtu Kinole asiyemjua Twalibu. Walikuwa wamekula maharage yake.

"Ahadi ya mke inaweza kuvunjika," mzee alisema akifuta macho. "Ubahili wa mume wake, hapana. Shamba linabaki kwa Mwaisha. Asia atamsaidia kama alivyokuwa akisaidia, na mavuno watagawana."

Asia alikuwa wa kwanza kuja kumkumbatia. Mwaisha alilia begani kwake, kwa furaha, na kwa aibu pia kidogo, kwamba watu wameiamini mashine kuliko yeye. Lakini akiangalia vizuri aliona ni haki yake.

Jioni wakajiandaa kushuka. Mdalasini ulijaa buti, na juu ya mdalasini jogoo mkubwa amefungwa miguu, ambaye Bi Mwanahawa alimchagua mwenyewe. "Huyo ni wa mtani wenu," alisema. "Kabla hajaja kumchukua." Twalibu alimwangalia jogoo, akaangalia ukubwa wake, akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amejifunza kitu siku ile. Mtu wa Mzumbe alishapigiwa simu kwamba gari haliuzwi.

Mwaisha akakaa kwenye usukani. Mama yake akasogea dirishani, mdogo, kanga imemzunguka vizuri, akainama ili Twalibu asisikie.

"Mwanangu. Na likishapona kabisa?"

Mwaisha alimtazama. Aliona swali lile limekaa muda mrefu kwa mama yake, tangu kabla ya gari, tangu siku za wiki ijayo na wiki ijayo.

"Haliponi kabisa, mama. Wiki ikipita bila mlima, linaanza upya. Ndivyo lilivyoumbwa."

Bi Mwanahawa akaweka kiganja chake juu ya boneti, akakiacha pale.

"Alhamdulillahi," akasema.